Funga bomba kabla ya kupiga deki: kupunguza msongo wa uoksidishaji kwenye utumbo mpana

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kolaitisi ya vidonda (uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana), au ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula) uliofika kwenye utumbo mpana, na wa yule anayemuuguza. Asiye na magonjwa hayo ana sehemu yake karibu na mwisho. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kukimbilia vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzuia uoksidishaji kama vitamini C na E, huku inflamesheni yenyewe, yaani kule kuvimba na kuchubuka kwa utando wa utumbo, ikiachwa iendelee. Huko ni kupiga deki huku bomba likimwaga maji.

Kinachotokea ndani

Kati ya damu yako na bakteria wasiohesabika wa utumbo mpana kuna safu moja tu ya seli. Safu hiyo ikichokozwa, chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili humiminika pale, na silaha yao ni oksijeni. Kimeng'enya kilicho kwenye utando wa chembe hiyo huipa oksijeni elektroni moja ya ziada, ikawa superoksidi. Superoksidi hugeuka peroksidi ya hidrojeni. Kimeng'enya kingine, mieloperoksidasi, huikutanisha peroksidi na kloridi na kutengeneza asidi ya haipokloro, ndugu wa karibu wa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nazo seli za utumbo uliovimba hutoa oksidi ya nitriki kwa wingi. Ikikutana na superoksidi huwa peroksinitriti, ambayo ni kali zaidi.

Bakteria hufa, ila silaha hizi hazichagui. Seli zako zina walinzi wake: superoksidi dismutasi, katalasi, glutathioni peroksidasi. Msongo wa uoksidishaji si kule kuwepo kwa vioksidishaji, maana kila seli hai huvitoa. Ni pale vinapozalishwa kwa kasi inayowashinda walinzi. Na hapo moto huanza kujichochea, kwa kuwa vioksidishaji huamsha swichi ya seli iitwayo NF-kB, swichi huagiza kemikali za kuita neutrofili zaidi, nazo huja na silaha zilezile.

Chuma kina nafasi ya pekee katika habari hii. Peroksidi ya hidrojeni peke yake ina upole kiasi, lakini ikikuta chuma kisichofungwa na protini huvunjika na kuwa radikali ya haidroksili, chembe yenye elektroni isiyo na mwenzi, inayong'ata chochote kilicho jirani kabla mlinzi hajafika. Utumbo unaovuja damu haukosi chuma. Tutakirudia kwenye vidonge.

Saratani inaingiaje? Herufi G ya DNA, guanini, ndiyo inayooksidishwa kwa urahisi kuliko nyingine. Ikishageuka kuwa 8-oksoguanini hukosea mwenzi: badala ya kushikana na C hushikana na A, na seli ikigawanyika mara nyingine G imekuwa T. Kuna jeni la kurekebisha kosa hili, MUTYH. Waliorithi nakala mbili mbovu za jeni hilo huota polipu (vinyama vidogo kwenye utando wa utumbo) nyingi na hupata saratani ya utumbo mpana hata kama hawajawahi kuugua kolaitisi, kwa hiyo kosa hilo dogo si la kupuuzwa. Mafuta ya kuta za seli nayo yakioksidishwa hutoa malondialdehidi, inayojibandika kwenye DNA. Zidisha hayo kwa kasi ya utumbo: utando wake hujifanya upya kila baada ya siku chache, na ukiwa na vidonda hukimbia zaidi. Kosa lisilorekebishwa kabla ya seli kugawanyika hubaki humo daima.

Katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, jeni la APC huharibika mwanzoni, polipu inaota, na jeni la p53 huharibika baadaye. Katika saratani itokanayo na kolaitisi mpangilio hugeuka: p53 huharibika mapema, na mabadiliko mengi huwa bapa, hayasimami kama uyoga. Ndiyo maana kolonoskopi, yaani kuuchungulia utumbo mpana kwa kamera, ya mgonjwa wa kolaitisi hufanywa kwa namna yake, kama tutakavyoona.

Pima kitu sahihi

Kuna vipimo vya damu na mkojo vinavyouzwa kwa jina la kupima "kiwango cha msongo wa oksidi". Kwa mgonjwa wa utumbo havina kazi. Malondialdehidi ya kwenye damu haikuambii imetoka kwenye utumbo, ini au mapafu, na hakuna tiba inayobadilishwa kwa kuitazama namba hiyo.

Pima chanzo: kalprotektini ya kwenye choo. Ni protini ya ndani ya neutrofili, kwa hiyo inahesabu moja kwa moja wale wenye silaha walioingia kwenye utumbo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, utando una utulivu. Zaidi ya 250, kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huu, kwa kawaida ni dalili kwamba ugonjwa umeamka, hata kama tumbo haliumi. Katikati ni eneo la kijivu. Rudia baada ya wiki chache kabla ya kubadilisha dawa.

Namba hii huharibiwa na mambo madogo. Chukua choo cha kwanza cha asubuhi, kwa sababu kiwango hubadilika ndani ya siku moja. Kipokee kwenye chombo kikavu, kisiguse maji ya choo wala mkojo, na kifike maabara ndani ya siku tatu. Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao huipandisha, hivyo kaa bila hizo kwa wiki mbili ikiwezekana. Maambukizi ya tumbo huipandisha pia. Ukiwa na kuhara kulikoanza ghafla, omba choo kipimwe vimelea kwanza, pamoja na bakteria Clostridioides difficile anayependa kuwavamia wenye kolaitisi. Na tumia maabara ileile kila mara. Namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi.

Ugonjwa ukiwa umelala, kipimo kimoja kila baada ya miezi mitatu hadi sita kinatosha.

Funga bomba

Kwa kolaitisi ya vidonda ya wastani au ndogo, dawa ya msingi ni mesalazini. Ina sifa mbili kwa mkupuo: hutuliza inflamesheni na yenyewe hunasa vioksidishaji palepale kwenye utando. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni gramu 2 hadi 4.8 kwa siku ugonjwa ukiwa umeamka, na karibu gramu 2 kwa siku ukiwa umelala. Inaweza kumezwa yote kwa mara moja. Kuigawa mara tatu hakuongezi faida, kunaongeza nafasi za kusahau tu. Kwa ugonjwa wa Crohn mesalazini haifui dafu sana, na tiba yake hupangwa kwa dawa nyingine.

Ugonjwa ukiwa upande wa chini, yaani kwenye puru na utumbo wa kushoto, dawa ya kumeza hufika imechoka. Ongeza ya kuingiza njia ya haja kubwa: kidonge laini cha gramu 1 kwa ugonjwa wa puru, au enema, dawa ya majimaji ya chupa, kwa unaopanda juu zaidi. Wengi huacha enema kwa sababu hawakuonyeshwa namna ya kuitumia, kwa hiyo hapa tutaenda polepole.

Nenda chooni kwanza. Pasha chupa moto kwa kuishika mikononi au kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu, maana dawa ya baridi huukaza utumbo na kukutuma chooni papo hapo. Itikise, kwa kuwa dawa hutuama chini. Lala ubavu wa kushoto, mguu wa chini umenyooka na goti la juu limekunjwa. Utumbo mpana huteremkia upande huo, na dawa hufuata mteremko. Paka ncha mafuta, ingiza ukiielekeza kitovuni, kisha kamua taratibu kwa nusu dakika hadi dakika moja. Usiachie chupa kabla ya kuitoa, itafyonza dawa irudi. Baki umelala angalau nusu saa, na ni vyema zaidi ukilala nayo hadi asubuhi. Tandika kitambaa cha zamani, inaacha madoa. Ikiwa siku za kwanza unaitoa baada ya dakika tano, usikate tamaa: puru lenye vidonda halina nafasi ya kutunza kitu, na uwezo hurudi kadiri linavyopona. Povu au kidonge laini kwa wiki moja ya mwanzo husaidia.

Makosa yanayoharibu kazi ni mawili. La kwanza ni kuacha dawa damu ikikoma. Damu hukoma kabla ya neutrofili kuondoka, na vioksidishaji huendelea kutengenezwa kimyakimya. La pili ni kung'ang'ania. Wapo wachache ambao mesalazini yenyewe huwazidishia kuhara damu na homa ndani ya siku chache hadi wiki chache; hao waache mara moja na wamwone daktari. Kreatinini ya figo ipimwe kabla ya kuanza, miezi mitatu baadaye, kisha kila mwaka. Anayetumia salfasalazini, dada mkubwa wa mesalazini, anahitaji asidi ya foliki kwa sababu dawa hiyo huzuia kufyonzwa kwake. Mkojo wa rangi ya machungwa usimtishe, na wanaume wajue kwamba hupunguza mbegu kwa muda, hali inayorekebika dawa ikiachwa.

Steroidi huzima moto, hazilindi nyumba. Anayezihitaji zaidi ya mara moja kwa mwaka anapaswa kupandishwa kwenye dawa za ngazi ya juu badala ya kurudiarudia kozi. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli badala ya ibuprofeni, bila kuvuka gramu 4 kwa siku: ikizidi humaliza glutathioni ya ini, ambayo mlinzi tuliyemtaja, glutathioni peroksidasi, huitumia kufanya kazi yake.

Chuma: kinahitajika, lakini kwa mlango upi?

Kuvuja damu huleta upungufu wa chuma, na kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 hubeba takriban miligramu 65 za chuma. Mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Kilichobaki hushuka hadi utumbo mpana, kikakutana na peroksidi ya hidrojeni. Umeshajua kinachofuata.

Kwa hiyo ugonjwa ukiwa umelala na upungufu ni mdogo, vidonge vinafaa, visivuke miligramu 100 za chuma halisi kwa siku. Kidonge kimoja, hata siku moja kuruka moja, hufyonzwa vizuri kuliko vitatu kwa siku. Ugonjwa ukiwa umeamka, au hemoglobini ikiwa chini ya gramu 10 kwa desilita, chuma kipitie mshipani. Inflamesheni huongeza homoni iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa kufyonza chuma, hivyo vidonge wakati huo vinaudhi utumbo bure. Feritini, protini inayopimwa kujua akiba ya chuma, nayo hudanganya: wakati wa inflamesheni hupanda yenyewe, na namba ya 60 inayoonekana nzuri inaweza kuficha upungufu. Kipindi hicho chini ya 100 bado ni ya kutiliwa shaka.

Kwa nini si vidonge vya antioksidanti

Hoja inaonekana nyepesi: kama oksijeni kali ndiyo inayoharibu, meza kinachoizuia. Imejaribiwa. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 864 waliokwisha kukatwa polipu, wakapewa beta-karotini, au vitamini C na E, au vyote, kwa miaka minne. Polipu mpya hazikupungua. Mwaka huohuo jaribio la Finland la wavutaji sigara zaidi ya 29,000 lilikuta waliopewa beta-karotini wamepata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Mwaka 2011 jaribio la SELECT la Marekani likaonyesha vitamini E ya uniti 400 kwa siku imeongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Sababu zipo kadhaa. Kidonge hakifiki kwa wingi mahali na wakati ambapo radikali inazaliwa; radikali ya haidroksili humaliza kazi yake ndani ya muda mfupi kuliko kufumba jicho. Vitamini C ikiwa na chuma huru hugeuka mchochezi, kwa kuwa hukirudisha chuma kwenye hali ya kuanza upya mchezo. Seli iliyokwisha kuwa ya saratani nayo ina msongo wake wa uoksidishaji, na ulinzi unaoupeleka unaweza kuifaa yenyewe. Na kuna jambo tunaloliona kubwa kuliko yote: watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza superoksidi kwenye neutrofili, wenye ugonjwa sugu wa granuloma, hawana utumbo wenye afya zaidi. Wengi wao hupata inflamesheni ya utumbo inayofanana na Crohn. Kuzima oksijeni yote si tiba.

Upungufu uliopimwa ni habari nyingine. Vitamini D, B12, foleti, zinki au seleni ikipungua kweli, irudishwe hadi kiwango cha kawaida, kisha basi. Seleni ni kiungo cha glutathioni peroksidasi, lakini kuimeza ya ziada hakutengenezi kimeng'enya cha ziada.

Chakula, pombe, sigara

Nyuzinyuzi ndizo zenye maana kuliko vidonge vyote vilivyotajwa. Bakteria huzichachusha na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Seli inapoichoma butireti hutumia oksijeni nyingi, na hivyo kuuacha uwazi wa utumbo bila oksijeni, hali wanayoipenda bakteria rafiki. Inflamesheni ikivuruga hilo, oksijeni na nitrati huvuja, na jamii ya E. koli hushamiri, baadhi yake hutoa kolibaktini, sumu inayokata DNA.

Lenga gramu 25 hadi 30 kwa siku kutoka kunde na maharage, nafaka zisizokobolewa, mboga na matunda. Ongeza gramu 5 kwa wiki, si zote kesho, vinginevyo utajaa gesi na kulaumu nyuzinyuzi. Wakati ugonjwa umewaka, punguza maganda na mbegu ngumu kwa muda. Mwenye Crohn aliyeambiwa utumbo umebanwa asianze bila ushauri. Nyuzi ngumu zinaweza kuziba.

Nyama nyekundu huleta hemu, chuma kilichofungwa kwa namna inayochochea uoksidishaji wa mafuta ndani ya utumbo. Isizidi gramu 350 hadi 500 iliyopikwa kwa wiki. Nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, iliwekwa mwaka 2015 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa: kila gramu 50 za kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na puru kwa takriban asilimia 18. Pombe hugeuka asetaldehidi, inayodhuru DNA. Sigara huuzidisha Crohn waziwazi. Kwenye kolaitisi ya vidonda uhusiano wake ni wa ajabu, wapo ambao ugonjwa huamka baada ya kuacha, lakini hakuna hesabu ya afya inayofanya sigara ishinde.

Kolonoskopi: lini, na uidai vipi

Anza miaka minane baada ya dalili za kwanza, si baada ya utambuzi. Mwenye ugonjwa wa njia za nyongo uitwao kolanjaitisi ya sklerosisi aanze siku anayotambuliwa, na arudie kila mwaka. Wengine hurudia baada ya mwaka mmoja hadi mitano kulingana na ukubwa wa eneo lililougua, ukali wa inflamesheni na historia ya familia. Aliyeugua puru peke yake hahitaji ratiba hii.

Panga kipimo ugonjwa ukiwa umelala. Seli zilizovimba na seli zinazoelekea saratani hufanana chini ya darubini, na ripoti itarudi na neno "haijulikani". Acha vidonge vya chuma siku saba kabla, vinafanya choo kuwa cheusi na chenye kunata. Dawa ya kusafisha utumbo inywe kwa awamu mbili, nusu jioni, nusu ya pili ikianza saa nne hadi sita kabla ya kipimo na kumalizika saa mbili kabla. Ukiinywa yote jana yake, asubuhi upande wa kulia wa utumbo utakuwa umeshapakwa tope la nyongo. Kinachotoka mwishoni kiwe cha njano na cha kuonekana upande wa pili, kama mkojo.

Kwa kuwa mabadiliko ya kolaitisi ni bapa, uliza kama kutanyunyiziwa rangi ya methilini bluu au indigo kamini, inayojaza mabonde na kuyaonyesha. Pasipo rangi wala kamera ya ubora wa juu, huchukuliwa vinyama vinne kila sentimita 10, jumla zaidi ya 30. Ripoti isemayo "utumbo wa kawaida" huku ikiwa na vinyama viwili haijakujibu.

Kwa asiye na inflamesheni

Anza uchunguzi ukiwa na miaka 45 hadi 50. Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua kabla ya miaka 60, anza ukiwa na 40 au miaka kumi kabla ya umri aliougua yeye, kutegemea lipi linatangulia. Kipimo cha damu iliyofichika kwenye choo kipo cha aina mbili. Cha zamani, cha guaiaki, ni mmenyuko wa uoksidishaji: hemu ya damu huisaidia peroksidi kuigeuza karatasi kuwa bluu. Kwa hiyo nyama nyekundu huleta jibu chanya la uongo, na vitamini C zaidi ya miligramu 250 kwa siku huzima rangi hata kama damu ipo. Acha vyote siku tatu kabla. Cha kisasa, cha kingamwili, hakijali chakula, ila joto huharibu hemoglobini, hivyo sampuli isikae kwenye gari lililoachwa juani. Chanya ya aina yoyote inafuatwa na kolonoskopi. Kurudia kipimo ukitumaini hasi ni kujidanganya.

Wakati wa kwenda hospitali leo

Choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na moja kati ya haya: joto zaidi ya 37.8, mapigo zaidi ya 90 kwa dakika, au hemoglobini chini ya 10.5. Hiyo ni kolaitisi kali. Usimeze loperamidi wala dawa za maumivu za jamii ya morfini kuzuia kuhara; utumbo uliopooza huku umewaka huweza kutanuka na kupasuka. Ukiona tumbo linajaa na kukaza huku kuhara kumepungua ghafla, usifurahi: hiyo ndiyo dalili yake, na inahitaji picha ya eksirei ya tumbo siku hiyohiyo.